Sindano ya milimita 40 kwenye bega jembamba: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki, cha sindano ya akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini) iliyofika pafuni, kilitokea Uingereza, katika kliniki ya madaktari wa familia. Umri, kazi na tarehe vimebadilishwa ili mgonjwa na daktari wasitambulike. Vipimo vya sindano, mfuatano wa matukio na matokeo ya hospitali vimeachwa kama vilivyo, kwa sababu fundisho lote limo humo.

## Akupancha ya aina gani

Wengi wetu tulisikia habari za akupancha kupitia madaktari wa Kichina, ambao timu zao zilianza kufika Zanzibar mwaka 1964. Mkondo unaozungumzwa hapa ni mwingine. Ni wa madaktari waliosomea tiba ya kisasa, wakajifunza sindano baadaye, kwa kawaida katika kozi fupi, kisha wakaziingiza katika kazi yao ya kila siku. Wanatumia sindano zilezile za Kichina, na mara nyingi sehemu zilezile za mwili. Habari za chi, yin na yang, yaani nishati ya mwili na mizani yake, wanaziweka kando. Wao husema habari za neva, misuli, na namna uti wa mgongo na ubongo unavyopunguza makali ya maumivu.

Nchini Uingereza mkondo huu una chama chake, British Medical Acupuncture Society, kilichoanzishwa 1980. Rais wake wa kwanza, daktari Felix Mann, alianza kwa kufuata mafundisho ya Kichina, akaishia kukana kabisa kwamba kuna nukta maalumu za kuchoma au njia za nishati mwilini. Wanafunzi wake wengi hawakufika huko. Wameendelea kutumia majina na namba za nukta za Kichina kama ramani tu, na hivyo ndivyo tutakavyofanya hapa.

Hoja inayosikika kila mara ni kwamba daktari ndiye mtu salama zaidi wa kushika sindano hizi, maana anajua kilicho chini ya ngozi. Takwimu haziipingi sana. Ujerumani, utafiti uliochapishwa 2009, ambamo waliochoma walikuwa madaktari, ulifuatilia wagonjwa 229,230, kila mmoja akiwa na wastani wa vikao takriban 10. Asilimia 8.6 walipata angalau dhara moja, mengi yakiwa damu kidogo au ngozi kuvilia. Waliopata numothoraksi, yaani hewa kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, walikuwa wawili tu. Mgonjwa wa kisa hiki hakuwamo katika hesabu hiyo, lakini ni wa aina hiyohiyo, na daktari wake alikuwa na shahada zote zinazotakiwa.

## Mgonjwa na sababu ya kuchagua sindano

Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 19, kazi yake ni ya kukaa mbele ya kompyuta. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa na maumivu ya kichwa yanayobana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, bila kichefuchefu wala kukimbia mwanga. Shingo na mabega yalikuwa magumu. Shajara yake ya wiki nane ilionyesha siku 17 za maumivu kwa mwezi. Parasetamoli alikuwa akiimeza siku 10 hadi 12 kwa mwezi. Daktari aliihesabu kwa makusudi, kwa sababu dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 kwa mwezi au zaidi zenyewe huweza kuwa chanzo cha maumivu, na hapo sindano haisaidii mpaka dawa zipunguzwe.

Uchunguzi wa neva ulikuwa wa kawaida, nyuma ya jicho pakawa safi, shinikizo la damu zuri. Amitriptilini ya miligramu 10 usiku ilimwacha na usingizi hadi saa nne asubuhi, akaiacha. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, kuhusu maumivu ya kichwa, wa 2012, unaruhusu akupancha kwa aina hii ya maumivu: vikao hadi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8. Uamuzi wa kumpa sindano ulikuwa sahihi, na hakuna aliyeupinga baadaye.

Fomu ya ridhaa ilitaja kuvuja damu kidogo, kuvilia, kusinzia, kuzimia, na "mara chache sana, madhara makubwa". Madhara hayo makubwa hayakutajwa kwa jina.

## Vikao viwili vya kwanza

Kikao cha kwanza mgonjwa alilala kifudifudi. Sindano nne, kila moja unene wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 25: mbili kwenye msuli kati ya kidole gumba na cha shahada (LI4), mbili chini ya kisogo (GB20), hizi zikiingizwa milimita 10 tu kuelekea ncha ya pua. Zilikaa dakika 10. Usiku ule alilala vizuri, na siku tatu zilizofuata hazikuwa na maumivu.

Kikao cha pili kiliongeza nukta ya GB21 pande zote mbili. Hii iko juu ya bega, katikati ya njia kutoka mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi ncha ya bega, pale kila mtu aliyechoka anapopakanda kwa mkono. Daktari aliushika msuli wa trapezi kwa kidole gumba na vidole viwili, akauinua, akachoma ndani ya mnyanyuko huo kwa ulalo kuelekea nyuma. Mgonjwa alisikia uzito unaosambaa hadi nyuma ya sikio. Ndivyo inavyotakiwa.

## Kikao cha tatu

Mambo manne yalibadilika siku ile, na hakuna hata moja ambalo peke yake lingemshtua mtu.

Kitanda cha uchunguzi kilikuwa kinatumika, kwa hiyo mgonjwa alikaa kwenye kiti na mikono juu ya meza. Sindano za milimita 25 zilikuwa zimeisha, daktari akafungua pakiti ya milimita 40, zilizonunuliwa kwa ajili ya makalio na nyonga. Mgonjwa alisema nafuu ya kikao cha pili ilidumu siku mbili tu, naye daktari akaona achome zaidi kidogo. Na kwa kuwa muda wa miadi ulikuwa dakika 15 badala ya 20, hakuushika msuli. Alipapasa akapata fundo gumu lenye maumivu bega la kulia, akalikandamiza kwa mrija wa kuongozea sindano, akagonga sindano iingie wima, kuelekea chini.

Maandishi ya faili yanasema kina kilikuwa "takriban milimita 25". Kisha akaipandisha na kuishusha mara kadhaa ili kuamsha msuli, mbinu ambayo wengi huita kudonoa kwa shomoro. Katika mshuko wa tatu au wa nne mgonjwa alishtuka na kukohoa mara mbili. Alisema, "Hapo daktari pamechoma kweli." Daktari alilichukulia kuwa ni deqi, yaani hisia ambayo Wachina husema ndiyo dalili kwamba sindano imefika. Akaiacha humo dakika 12, mgonjwa akiwa ameketi, akisoma simu yake na kusogeza bega.

Baada ya kutoa sindano mgonjwa alisema bega linauma kidogo anapovuta pumzi. Daktari alisikiliza kifua kwa stetoskopu: pande zote sawa. Oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 98. Akamwambia arudi "kukiwa na tatizo lolote" na kumpa karatasi ya maelezo, iliyosema maumivu ya misuli ya siku moja au mbili baada ya sindano ni kawaida.

## Saa 19 zilizofuata

Jioni, saa tano hivi baada ya sindano, kichomi kilianza upande wa kulia, kikipanda hadi ncha ya bega kila anapovuta pumzi ndefu. Alisoma ile karatasi, akatulia, akameza parasetamoli. Usiku hakuweza kulalia upande ule. Asubuhi, kupanda ngazi za nyumbani kulimfanya asimame katikati kutafuta pumzi. Akaenda idara ya dharura.

Muuguzi wa mapokezi aliandika: mapigo 96, pumzi 20 kwa dakika, oksijeni 96. Mgonjwa hakutaja sindano, kwa sababu hakuulizwa na hakuona zinahusiana vipi na kifua. Alichotaja ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kwa mwanamke mwenye kichomi, pumzi fupi na vidonge hivyo, daktari yeyote wa dharura hufikiria kwanza donge la damu kwenye pafu, na damu yake ilichukuliwa kwa kipimo cha D-dimer, kinachotafuta dalili za damu iliyoganda. Laiti kipimo kingerudi juu, mgonjwa angepelekwa kwenye skana ya CT yenye rangi mshipani.

Kilichogeuza mambo ni kwamba daktari kijana wa zamu alimwomba avue shati kabisa badala ya kuingiza stetoskopu chini yake. Juu ya bega la kulia aliona alama nyekundu ndogo kama ya kuumwa na mbu, na pembeni yake duara hafifu la kuvilia. Akauliza ni nini. Dakika 10 baadaye alikuwa ameweka kichwa cha altrasaundi kifuani: upande wa kushoto utando wa pafu ulikuwa unateleza kwa kila pumzi, wa kulia ulikuwa umetulia tuli. Eksirei ilionyesha ukanda wa hewa wa sentimita 2.5, ukipimwa pale mishipa mikubwa inapoingia pafuni.

## Uamuzi wa hospitali

Zamani kidogo, upana wa sentimita 2 au zaidi pamoja na kuhema ulitosha kumpeleka mgonjwa kwenye kuvutwa hewa kwa sindano kubwa na sirinji. Mwelekeo umebadilika. Mwongozo wa chama cha magonjwa ya kifua cha Uingereza wa 2023 unaitazama hali ya mgonjwa kabla ya upana wa hewa kwenye picha. Mgonjwa huyu aliweza kusema sentensi ndefu bila kukatika, shinikizo la damu lilikuwa thabiti, na akiwa amekaa hakuhema. Alielezwa njia mbili, kuvutwa hewa au kusubiri chini ya uangalizi, akachagua kusubiri.

Eksirei ya pili baada ya saa nne haikuwa mbaya zaidi. Alirudi nyumbani na dawa za maumivu, maelezo ya lini akimbilie hospitali, na miadi baada ya siku tatu. Hewa iliyonaswa hivi hunyonywa polepole na mwili, kati ya asilimia 1.25 na 2.2 ya ujazo wa upande huo wa kifua kwa siku, kwa hiyo wiki kadhaa ni jambo la kutarajiwa. Wiki ya pili ukanda ulikuwa chini ya sentimita 1, na wiki ya tano pafu lilikuwa limejaa kabisa. Safari ya ndege aliyokuwa amekata tiketi iliahirishwa, maana asingeruhusiwa kuruka mpaka siku saba zipite tangu eksirei ionyeshe kwamba hewa imekwisha.

Daktari wa familia alimpigia simu siku ileile hospitali ilipomjulisha. Alieleza kilichotokea na kuomba radhi. Baadhi ya madaktari huogopa kwamba kuomba radhi ni kukiri kosa mahakamani. Sheria ya fidia ya Uingereza ya 2006 inasema wazi kuwa siyo.

## Kwa nini pafu lilifikiwa

Ncha ya pafu haikomi kwenye mtulinga kama picha za darasani zinavyotufanya tuamini. Hupanda sentimita 2 hadi 3 juu ya sehemu ya ndani ya mfupa huo. Na kwa mtu mwembamba, karibu na ukingo wa ndani wa mfupa wa bega, pafu linaweza kuwa milimita 10 hadi 20 tu kutoka kwenye ngozi. Hospitali ilipopima kwa altrasaundi pale penye alama, umbali kutoka ngozi hadi utando wa pafu ulikuwa milimita 22, bila kukandamizwa. Mrija wa kuongozea uliibonyeza nyama kabla sindano haijaingia. Milimita 25 zilizoandikwa kwenye faili zilikuwa zimevuka mpaka hata kabla ya kudonoa kuanza.

Tundu la sindano ya milimita 0.25 peke yake mara nyingi hujiziba. Madhara yanakuja pafu linapopanda na kushuka huku sindano imeshikwa na msuli, ncha ikawa inakwangua utando kwa kila pumzi. Dakika 12 za mtu mzima aliyetulia ni pumzi 150 hadi 200. Ongeza kikohozi, ongeza bega linalosogezwa kushika simu. Hewa ikaanza kuvuja kidogokidogo, na ndiyo maana stetoskopu haikusikia kitu dakika chache baadaye. Oksijeni ya 98 na kifua kinachosikika sawa havikatai numothoraksi changa. Kuvitumia kumtuliza mgonjwa kulifanya kazi moja tu, kumtuliza daktari.

Deqi inahitaji maneno yake. Ni uzito, ganzi, kuvutwa, kitu butu kinachosambaa. Maumivu makali ya ghafla yanayoambatana na kikohozi, wakati sindano iko juu ya kifua, si deqi. Sindano inatolewa papo hapo na kikao kinaishia hapo.

## Swali la kina

Watu wengi wakisoma kisa hiki husema daktari angechoma vizuri zaidi. Ni kweli, lakini kuna swali linalotangulia hilo: kwa nini alitaka kufika kina kile?

Madaktari wa mkondo huu hujivunia kwamba wanafuata ushahidi. Basi ushahidi wenyewe huu hapa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2005, wa wagonjwa 270 wenye maumivu ya kichwa ya aina hiihii, uliwagawa katika makundi matatu. Waliopata akupancha kamili walipungukiwa na siku 7.2 za maumivu katika wiki nne. Waliochomwa juujuu tu, tena mahali pasipo nukta yoyote, walipungukiwa na siku 6.6. Waliosubiri foleni, 1.5. Kwa maneno mengine, kuchomwa kulisaidia sana kuliko kutochomwa, lakini kina na nukta viliongeza kidogo mno. Matokeo yanayofanana yalipatikana Ujerumani kwa maumivu ya mgongo katika utafiti wa watu 1,162 uliotoka 2007: asilimia 47.6 walipata nafuu kwa akupancha halisi, 44.2 kwa ile ya kuigiza, 27.4 kwa tiba ya kawaida.

Unaweza kuyasoma matokeo haya upendavyo. Wapinzani husema yanathibitisha kwamba akupancha ni matarajio ya mgonjwa tu. Watetezi husema hata sindano ya juujuu huamsha neva. Mabishano hayo yamekuwepo miaka mingi na hayataishia hapa. Ila kwa mtu aliyeshika sindano juu ya kifua cha mwanamke mwembamba, pande zote mbili zinampa agizo moja: milimita 15 za ziada hazina faida inayopimika, na hatari yake inapimika kwa rula. Fundo la msuli lililopapaswa kwa kidole lilimvuta daktari aende chini zaidi. Ni kishawishi ambacho aliyefundishwa kwa nukta na njia za nishati hana kwa kiwango hicho. Daktari wa kisasa anayewinda fundo ndiye anacho.

## Yaliyofanya kazi na yaliyoshindwa

Faili ilisaidia. Urefu wa sindano, upande, mwelekeo, kina na dakika vyote viliandikwa, la sivyo tungebaki kubahatisha. Kumvua mgonjwa shati kulifupisha safari kwa saa kadhaa na pengine kumeokoa CT moja. Kusubiri badala ya kukimbilia kuvuta hewa kulimwepushia siku za wodini.

Ridhaa ilikuwa dhaifu. Tangu hukumu ya Montgomery ya 2015 katika Mahakama ya Juu ya Uingereza, kinachoangaliwa ni kama mtu wa kawaida katika nafasi ya mgonjwa angeiona hatari fulani kuwa ya maana kwake. Mtu anayechomwa juu ya pafu, na ana tiketi ya ndege mkononi, bila shaka angetaka kuijua hii kwa jina. Lakini karatasi ya maelezo ilikuwa mbaya kuliko fomu, kwa sababu fomu ilinyamaza tu, ilhali karatasi ilimpa maelezo yasiyo sahihi ya dalili aliyokuwa nayo. Sasa inasomeka hivi: "Umechomwa sindano sehemu ya bega, mgongo wa juu au kifua. Ukipata kichomi unapovuta pumzi, kikohozi kipya, au kuhema, hata kama ni siku tatu baadaye, nenda idara ya dharura leo. Mwambie mtu wa kwanza atakayekupokea: nimechomwa sindano begani, tarehe fulani. Waombe waangalie kama hewa imeingia kifuani." Sentensi ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa, maana inamfanya mgonjwa aibebe historia ambayo hakuna atakayemwuliza.

Kliniki ilibadilisha pia utaratibu wa bega. Mgonjwa hulala kifudifudi au ubavu, hakai. Sindano ni ya milimita 15, ambayo ni vigumu kufika pafuni hata mkono ukiteleza. Msuli hushikwa, huinuliwa, na vidole haviachii mpaka sindano itoke. Huchomwa kwa ulalo, haidonolewi, haiachwi. Msuli usioweza kuinuliwa kwa vidole hauchomwi. Za milimita 40 zimehamishiwa kabati lingine.

Daktari mmoja wa kliniki hakukubali yote. Anashikilia kuwa kwa wanaume wenye mabega mazito milimita 15 hazifiki kwenye msuli, na kwamba altrasaundi ya kupima umbali kwanza ingetosha. Walikubaliana kuwa anayetaka sindano ndefu zaidi juu ya mbavu aandike kwenye faili umbali aliopima na sababu, kabla ya kuchoma. Miezi minane ilipita bila mtu kuandika.

Mgonjwa aliomba kuendelea na tiba pafu lilipopona. Alipewa vikao sita vya mikono, miguu na kisogo tu. Shajara ya mwezi wa mwisho ilikuwa na siku 10 za maumivu.